Barua kwa mwanangu: kahawa haikati pombe

Marahaba mwanangu, ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama ni kweli wanavyosema hapo kazini kwenu, kwamba ukichanganya Konyagi na enaji ile enaji inaivunja pombe, na kwamba ukiamka na hengova kikombe cha kahawa nzito kinakuweka sawa unashika usukani unaenda kazini. Hapana baba, si kweli, na ntakueleza kwanini maana wewe tangu mdogo si mtu wa kuambiwa acha ukaacha.

Kafeini, ile inayokuchangamsha iliyomo kwenye kahawa na kwenye enaji, haiigusi pombe kabisa. Yenyewe kazi yake iko kichwani, kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya mchana kutwa ndo inakuletea usingizi, sasa kafeini inaenda kukalia nafasi yake, usingizi unakuwepo ila huusikii. Pombe inatolewa na ini, na ini lina mwendo wake, gramu 7 mpaka 10 hivi kwa saa, unywe kahawa uoge maji ya baridi upige supu ya pilipili mwendo ni uleule. Piga hesabu mwenyewe. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe, kale kachupa ka Konyagi ka mililita 200 ni asilimia 35 kwaiyo kana gramu 55 hivi. Ukianza saa nne usiku ukanywa hako na bia mbili juu yake, saa kumi na mbili asubuhi unawasha gari bado unayo mwilini, hata kama macho yako wazi na umevaa shati safi.

Na hapo ndo enaji inaponiogopesha zaidi. Aliyelewa bila enaji anasinzia anapelekwa kulala, aliyechanganya anajiona yuko fiti anaendelea kuagiza alafu anadai funguo. Marekani mwaka 2010 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliyaandikia makampuni manne yaliyokuwa yanauza vinywaji vya pombe vilivyotiwa kafeini kiwandani, ikawaambia hicho kitu si salama, na sababu mojawapo ni hiyohiyo ya mtu kutojua amelewa kiasi gani.

Kahawa yenyewe sikukatazi, mtoto wa Kilimanjaro ntamkatazaje kahawa, iko migombani kwetu tangu wamisionari wa Kilema miaka ya 1890. Mtu mzima mwenye afya akibaki chini ya miligramu 400 za kafeini kwa siku wataalamu wa Ulaya wanasema haina shida, sasa kopo la enaji la mililita 250 mara nyingi lina kama 80, zile kubwa ni mara mbili, soma lebo. Ila saa ndo uziangalie, kafeini nusu yake inakuwa bado mwilini baada ya masaa kama matano, ukinywa saa kumi na moja jioni usishangae unageukageuka kitandani mpaka usiku wa manane, alafu asubuhi unaamka umechoka unatafuta enaji nyingine.

Mkeo na hiyo mimba asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na pombe asiguse hata tone, hata mbege ya sherehe. Na chai asinywe pamoja na chakula, asubiri kama saa nzima, maana chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma na yeye sa hivi anahitaji damu.

Kuhusu shangazi yako na glasi yake ya waini kila siku eti ya moyo, Shirika la Afya Duniani lilishasema Januari 2023 kwamba hamna kiwango cha pombe kisicho na madhara, na tangu 1988 pombe iko kwenye kundi moja na sigara kwa kusababisha saratani, ya koo, ya ini, na baadaye wakaongeza ya matiti. Anayekunywa kidogo hatari yake ni ndogo, hilo ni kweli, lakini asiite dawa.

Sasa hilo ulilolitaja mwishoni kama kitu kidogo, kwamba moyo unadunda sana ukishakunywa enaji mbili, mi ndo limeninyima raha. Acha enaji zote kuanzia leo na wiki hii nenda hospitali wakupime presha na mapigo ya moyo, waambie ukweli wote unachokunywa, usipunguze. Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.