Eksirei safi, kifundo bado kinauma: MRI ya nini?

Umeuliza kwa nini daktari anataka MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa) wakati eksirei haikuonyesha mvunjiko. Ni kwa sababu eksirei huona mifupa. Kano (zinazounga msuli na mfupa) na ligamenti (zinazounga mfupa na mfupa) zikichanika, itaonyesha uvimbe tu, basi. Kwenye MRI kano nzima huonekana nyeusi tii. Ikichanika, majimaji hujaa kwenye ufa na kung'aa meupe katika picha za T2, aina ya picha za MRI inayoonyesha majimaji vizuri.

Kuna mtego hapo. Kano zinazopinda nyuma ya kifundo, zikikaa kwa pembe ya nyuzi kama 55 na uelekeo wa sumaku ya mashine, zinaweza kung'aa kwenye T1 (aina nyingine ya picha za MRI) hata zikiwa nzima. Mtaalamu makini hutazama T2 pia: mng'ao ukitoweka, kwa kawaida si mchaniko.

Mguu ukiteguka kwa kupinda ndani, ligamenti ya mbele upande wa nje ndiyo huumia mara nyingi, na wengi hupona bila MRI. Mimi ningeifanya kama maumivu hayaishi baada ya wiki kadhaa, au kama katikati ya unyayo pamevia damu na kukanyaga hakuwezekani. Ligamenti ya Lisfranc, inayoshikilia mifupa ya katikati ya mguu, ikikatika, eksirei iliyopigwa bila kuukanyagia mguu inaweza isionyeshe kitu.

Kano kubwa ya kisigino? Mara nyingi ultrasaundi inatosha, tena unaiona ikisogea.

Ukienda, onyesha kwa kidole panapouma hasa. Fomu nyingi za kuombea kipimo huandikwa "maumivu ya mguu", na mguu ni mrefu!