Kuitafuta Rangi ya Kiwandani ya Injini ya Zamani: Niliyojifunza Nikiwa Dodoma

Nilipofungua boneti ya Land Rover Series IIA ya mwaka 1969 aliyoniachia baba mkwe wangu, nilikuta injini imepakwa rangi ya fedha kuanzia tapeti kava, yaani kifuniko cha juu, hadi sampu, yaani bakuli la oili lililo chini, na hata kabureta na mipira ya maji haikusalimika. Gari hilo lilikuwa limezeekea katika njia za Mpwapwa na Kongwa, na inaelekea kila fundi aliyelishika aliona ni heri kuufunika uchafu kwa kopo la rangi kuliko kuuosha. Nilitaka kuirudishia injini rangi iliyotoka nayo kiwandani Uingereza. Kazi niliyoipangia siku mbili ilinichukua miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa makosa yangu mwenyewe, ndiyo maana ninaandika.

Kosa la kwanza lilikuwa kuiamini simu. Nilipata picha ya injini kama yangu, nikaenda nayo dukani, na kijana anayechanganya rangi akanitengenezea lita moja ya kile alichokiona. Hakukosea yeye. Kamera hurekebisha mwanga kwa namna yake, kioo cha simu nacho hutoa mwanga wa kwake, kwa hiyo picha ileile huonekana ya kibluu kwenye simu moja na ya kijani kwenye nyingine. Nilipoipaka kwenye kipande cha bati na kukiweka kando ya injini, nilipata bluu ya ndoo ya plastiki, na lita ile imeishia kwenye mlango wa banda la kuku.

Ushahidi wa kweli umo kwenye injini yenyewe, ila lazima ujue pa kuuchimba. Mimi nilianza kwa kufungua pampu ya maji, nikiamini kwamba nyuma yake rangi ingekuwa imehifadhiwa vizuri, nikakuta chuma kitupu. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu: injini ilipuliziwa rangi ikiwa tayari imefungwa, kwa hiyo chini ya gasketi hapakuwahi kufika rangi yoyote. Mahali pa kutafuta ni chini ya vitu vilivyofungwa baada ya rangi kukauka. Kwenye injini yangu niliipata chini ya mkono wa chuma unaoshika dainamo, na nyingine chini ya kibati cha kubania waya, ikiwa imejikunyata kwenye duara lisilozidi ukubwa wa shilingi mia. Ilikuwa rangi hafifu, kijani kinachoelekea kwenye bluu, kama ganda la yai la bata. Sehemu za wazi zilikuwa zimebadilika kabisa, kwa sababu joto la eksozi huifanya rangi nyepesi kuwa ya manjano, oili huitia weusi, na vumbi letu jekundu likishaloa oili huipa rangi yoyote ile sura ya udongo.

Usafishaji wa alama hiyo ndogo unahitaji subira kuliko kazi nyingine zote. Nilianza na mafuta ya taa na mswaki, kisha maji ya sabuni, na thina nikaiacha iwe ya mwisho kabisa, tena kwa tone moja kwenye kitambaa cheupe. Kama kitambaa kinachukua rangi mara moja, huenda unagusa rangi iliyopakwa juu ya aina ya selulosi, ambayo huyeyuka upesi kwa thina, au hata ile ya asili yenyewe, kwa hiyo simama na uangalie kwanza kabla ya kuendelea kusugua. Nilipofikia tabaka la chini nililisugua kidogo sana kwa msasa namba 1500 uliolowa maji, kwa kuwa uso wa rangi ya miaka hamsini huwa umechakaa na kupauka, na rangi yenyewe iko chini ya ngozi hiyo iliyokufa. Usitumie msasa mkavu wala brashi ya waya inayozungushwa na mashine. Rangi za zamani, hasa za kijani, njano na chungwa, mara nyingi zilitengenezwa kwa kemikali zenye risasi, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni mwako wala kutua kwenye uwanja ambao watoto wanachezea.

Baada ya hapo lilikuja tatizo ambalo sikulitarajia, nalo ni la lugha. Mimi nilisema kijani. Fundi wangu wa Kizota, kijana makini kuliko wengi ninaowajua, akasema, “Mzee wangu, hiyo ni bluu iliyopauka.” Mke wangu akasema ni kijivu. Sote tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Tangu siku hiyo niliacha kutaja majina ya rangi na nikaanza kuuliza maswali matatu: inaelekea upande gani, yaani bluu au njano, ina weupe kiasi gani, na ina nguvu kiasi gani, yaani imekolea au imefifia. Ukizungumza hivyo na mchanganya rangi, mnaelewana upesi, kwa sababu naye akiwa na kopo mkononi anafanya mambo hayohayo matatu. Kama unazo kadi za viwango, yaani kadi za sampuli za rangi zilizopewa namba, zitumie. Magari ya Uingereza yanalinganishwa vizuri na kadi za BS 381C, kiwango cha rangi cha Uingereza, ambamo namba 224 ndiyo kijani kizito kinachofahamika sana kwenye bodi za Land Rover, na kwa magari ya Ujerumani mfumo wa RAL, ulioanzishwa mwaka 1927, husaidia zaidi. Hata hivyo kadi ikufikishe jirani tu, halafu macho yako yamalizie safari.

Ipo pia mashine ya kusoma rangi, na duka nililokwenda lilikuwa nayo. Mashine hiyo inataka sehemu tambarare na safi, pana kuzidi tundu lake la kusomea. Nilipowapelekea mkono wa dainamo wenye mkunjo na alama za oili, iliusoma uchafu kwa uaminifu mkubwa, na nikaletewa rangi ya matope.

Mwishowe tulichanganya kwa mkono. Tulianza na nyeupe nyingi, tukaongeza kijani na bluu kidogo kidogo, na nyeusi kwa ncha ya bisibisi tu, maana tone moja la nyeusi likizidi hutalitoa tena hata kwa debe la nyeupe. Kila nyongeza tuliipima kwa mizani ndogo na kuiandika gramu zake kwenye daftari. Bila daftari hilo utaipata rangi sahihi siku moja na usiweze kuirudia maisha yako yote. Kila jaribio tulilipaka kwenye kipande cha chuma chenye andakoti ileile tuliyokusudia kuitumia kwenye injini, na hatukulitolea hukumu hadi likauke usiku kucha, kwa kuwa rangi ya mafuta ikiwa mbichi haifanani na ikiwa imekauka.

Hukumu yenyewe itolewe nje. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya gereji na kuachana vibaya juani, kwa sababu zimetengenezwa kwa unga tofauti wa rangi unaorudisha mwanga kwa namna tofauti. Jua la saa sita mchana hapa Dodoma ni kali mno, linaifanya kila rangi ionekane imepauka. Mimi hutazama kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, nikiwa kwenye kivuli kilicho wazi kuelekea angani, sampuli na alama ya asili zikigusana ukingo kwa ukingo.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la joto, na sijaona watu wengi wakilifanya. Nilifunga kipande cha sampuli kwa boliti karibu na silinda hedi, nikaliendesha gari hadi Kongwa na kurudi mara mbili. Sampuli ya kwanza, iliyotengenezwa kwa rangi ya kawaida ya mafuta, ilirudi na umanjano wa wazi. Ya pili ilikuwa rangi maalumu ya injini inayovumilia joto, nayo ilirudi kama ilivyokwenda. Eksozi ni habari nyingine. Huko rangi hizo zote huungua, kwa hiyo mimi nimeiacha chuma kitupu.

Kuhusu sehemu zisizohitaji rangi nitasema kwa kifupi: kabureta, pampu ya petroli, mipira, nyaya na vibati vya namba visipakwe kitu. Na mwenye Volkswagen ya kobe asidanganyike kuipaka kasha ya injini yake rangi nzito, kwani injini hiyo hupozwa kwa hewa na kila tabaka la ziada ni blanketi.

Siku ya kupuliza tulianza saa moja asubuhi, kabla upepo wa Agosti haujaamka, tukiwa tumemwagia sakafu maji na kutundika turubai pande mbili. Tulitumia thina inayochelewa kukauka, kwa sababu ile ya kawaida katika hewa kavu ya hapa hukauka kabla rangi haijatua, na uso ukabaki na chengachenga kama msasa. Tulipuliza tabaka tatu nyembamba. Duara lile lililokuwa chini ya mkono wa dainamo tulilifunika kwa utepe kabla ya kupuliza, kisha tukaubandua na kulirudishia chuma chake juu yake. Limo humo hadi leo, na atakayeifungua injini hii baada yangu ataikuta rangi ya mwaka 1969 ikimsubiri.