Baba anasema hatoi hela nikasomee kulea

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimemaliza kidato cha sita na moyo wangu uko kwenye masomo ya maendeleo ya binadamu na familia. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema vyuo vya huko vina shahada yenye jina hilohilo. Baba yangu ni fundi magari hapa Tandika, na anasema hawezi kutoa hela nikasomee mambo ambayo bibi anayajua bure. Nimjibu nini? Na hapa nyumbani nitasoma wapi? – M., Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako hajakosea sana. Ila bibi anawajua watoto aliowalea yeye. Wewe utabisha hodi kwa watu usiowajua.

Nikupe yangu. Mwaka wa pili, nikiwa fildi, nilitumwa Keko kwenye nyumba ya kupanga, karatasi ya maswali mkononi. Palikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mama yake alipita mara moja, akabeba ndoo akatoka, na mtoto hata hakugeuka. Kang'ang'ania khanga ya bibi yake aliyekuwa anapepeta mchele. Nikaandika: "Mtoto hana ukaribu na mama." Msimamizi wangu akasoma, akaniuliza nilikaa pale muda gani. Dakika arobaini. Akanirudisha, safari hii bila karatasi.

Ndipo nikajua kwamba mama yule huamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri, akaja kukaanga na kuuza mpaka jioni. Nikakaa. Magharibi inaingia, ndoo ikatua koridoni, kling. Mtoto hajamwona mtu bado, tayari ameiachia khanga na yuko mlangoni, kijiko mdomoni. Bibi akanitazama juu ya ungo: "Na hilo umeandika?"

Kozi yenyewe ndiyo hiyo, mengine ni mitihani. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye jina lake hutalikwepa darasani, aliianza kazi hiyo hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1950 alizitembelea familia 26 za vijijini karibu na Kampala, akitazama mtoto anavyomfanya mama kituo chake: anaondoka kwenda kuchungulia dunia, anarudi. Kwa hiyo usimwache baba aamini kwamba somo zima limetoka Marekani.

Hapa kwetu masomo hayo yametawanyika. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana shahada ya masomo ya familia na walaji. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, daladala tu kutoka kwenu. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utapata saikolojia na sosholojia.

Sasa ajira, maana nadhani ndiyo hasa inayomkosesha baba usingizi. Kabla hujajaza fomu, tafuta matangazo ya kazi ya afisa ustawi wa jamii usome fani zinazotajwa. Jina la shahada yako lisipokuwamo, utahangaika kujieleza. Ukisoma nje, cheti kitapaswa kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukirudi. Ulizia mapema, usingoje mpaka umeshavaa joho.

Na kazi yenyewe si ya kukaa ukinywa chai na kina mama, kama wanavyodhani. Wazazi wakigombania mtoto, mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aende nyumbani akachunguze na kuandika ripoti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu hivyo. Fikiria sentensi yangu ile ya Keko ingetua mezani kwa hakimu. Mpaka leo nikiikumbuka najisikia vibaya, na mimi nimeshastaafu.

Cha kumjibu baba? Usimjibu. Jumapili akiwa hana gari la mtu uwanjani, mpelekee chai, umuulize: yeye alipokuwa mdogo, bibi akienda shambani, alikuwa anabaki na nani?