Pima Kwanza Sensa ya Joto la Hewa Kabla ya Kununua Nyingine

Gari likianza kunywa mafuta kuliko kawaida, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikapanda na kushuka, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, mwenye gari mara nyingi huambiwa anunue kipuri. Ninaishi Arusha na huendesha kwenda Moshi mara kwa mara, na yaliyonipata kuhusu sensa ya joto la hewa yamenifanya nisisitize kwamba kipimo kitangulie, hasa kwa magari ambayo sensa hiyo imejengwa ndani ya sensa ya wingi wa hewa, kwa kuwa hapo hulazimika kununua vyote viwili kwa pamoja.

Kazi ya sensa hii ni kuipa kompyuta ya injini joto la hewa inayoingia. Hewa baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi katika ujazo uleule, hivyo huhitaji petroli zaidi. Ndani ya sensa mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ni kiasi cha omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Waya ukikatika, kompyuta husoma nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Arusha haijapata kuiona hata Julai. Baadhi ya magari yakigundua kosa hilo huacha kuisikiliza sensa na kutumia kiwango cha kukadiria, ndiyo maana dalili barabarani zinaweza kuwa ndogo ingawa taa inawaka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Chomeka kifaa cha kusoma taarifa za kompyuta ya injini kwenye soketi iliyo chini ya usukani, washa swichi bila kupiga stata, kisha linganisha joto la hewa na joto la maji ya injini. Namba hizo zinapaswa kukaribiana, kwa sababu vyote vimepoa pamoja. Kwenye gari langu maji yalisoma nyuzi 17 na hewa 40 chini ya sifuri, pamoja na kosa P0113, ambalo maana yake ni kwamba volti ya mzunguko huo imezidi. Hiyo si hukumu kwamba sensa imekufa. Fundi alipoukunja waya taratibu karibu na plagi inayochomekwa kwenye sensa, namba iliruka hadi 18, na alipouachia ikarudi ilikokuwa. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, ingawa kwa nje ulionekana mzima kabisa.

Kama waya hauonyeshi dalili hiyo, chomoa plagi hiyo na uunganishe pini zake mbili, za upande wa nyaya na si za sensa yenyewe, kwa kipande cha waya. Namba ikipanda ghafla kupita nyuzi 100, nyaya na kompyuta ni nzima, na hapo ndipo sensa inastahili kulaumiwa. Lakini plagi ikiwa na nyaya tano, usiguse chochote kabla ya kupata mchoro wa gari lenyewe, kwani kuunganisha pini zisizohusika kunaweza kuunguza kompyuta.

Sensa inayodanganya kidogo bila kuwasha taa ni ngumu zaidi kuikamata. Gari likiegeshwa juani Moshi mchana, si ajabu kusoma nyuzi 55 au 60, kwa kuwa joto la injini hujikusanya chini ya boneti. Usiibadilishe kwa sababu hiyo. Liendeshe kwa mwendo wa barabara kuu kuelekea Boma Ng'ombe, huku abiria akitazama namba. Sensa nzima huteremka kuelekea joto la nje. Ikiganda palepale, itoe, ipime ukinzani kwa mita huku ukiipuliza kwa draia ya nywele, na kama omu hazishuki kwa utaratibu, nunua nyingine bila kusita.