Kompyuta nzito, mtaji mdogo: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta zangu tatu za mezani ni Core i5 za kizazi cha tatu, RAM 4 GB, Windows 10. Zinachelewa kuwaka mpaka mteja anahamia duka la pili. Vyuma vimekaza, na jirani ananishauri nikope ninunue mpya kwa kuwa Windows 10 imeachwa. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, dada. Mkopo huo usiuchukue kwanza. Mashine ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance. Ukikuta Disk imegota kwenye 100% huku CPU, yaani prosesa, ikicheza kwenye 10 au 20, ujue prosesa imekaa tu inaisubiri diski. Kwa mashine za umri huo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Kuchapa barua, kujaza fomu mtandaoni na kuprinti ni kazi ambazo i5 hiyo bado inaziweza.

Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huokota vipande vidogo vya data kama 100 hivi kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, huokota maelfu kwa maelfu. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha. Usiuziwe ya M.2, kwani bodi za kizazi hicho kwa kawaida hazina tundu lake. Waya ni zile zile za diski ya zamani, na kwa kuwa ni nyepesi na haina kinachozunguka ndani, hata gundi ya pande mbili inaishika.

Kabla ya kuhamisha chochote, ipime diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha Caution ya njano, usiinakili nzima nzima. Toa mafaili ya wateja kwanza, halafu weka mfumo upya kwenye SSD.

Kinachofuata ni RAM: ongeza kipande kimoja cha DDR3 cha 4 GB, cha kompyuta ya mezani. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Madukani kuna vipande vya bei chee vilivyotolewa kwenye seva, vimeandikwa ECC REG, na bodi ya kawaida haiwaki navyo. Vingine vinafanya kazi kwenye bodi za AMD tu, na yako ni Intel. Beba mashine mpaka dukani, iwake mbele yako, ndipo ulipe.

Kuhusu Windows 10, jirani hajakosea sana. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi, na kwako wateja wanaandika nywila za barua pepe na za maombi ya mikopo ya chuo. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zako hazimo. Njia za kuilazimisha zipo. Kwa duka sizishauri.

Mashine mbili ziwekee Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ni bure. Ya tatu ibaki na Windows kwa programu zisizokubali kwingine, na intaneti uichomoe. Usifute kitu kabla ya kuwasha Mint kutoka kwenye flashi na kujaribu printa yako. Za HP nyingi zinakubali zenyewe, lakini baadhi ya mashine za fotokopi zinasumbua.

Kuna jambo moja litakalokuletea ugomvi na wateja: CV iliyoandikwa kwa Calibri, ukurasa mmoja kamili, ukiifungua kwenye LibreOffice, inayochukua nafasi ya Word kwenye Mint, inaweza kumwaga mistari mitatu kwenye ukurasa wa pili. Sakinisha fonti za Carlito na Caladea. Upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari inakaa palepale.

Hewa yetu ya chumvi nayo isisahaulike. Mashine ikipiga milio bila picha, chomoa umeme, gusa bati la kasha, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio mweupe, kisha irudishe. Tovuti zote zikidai muunganisho si salama, angalia saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, badilisha betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi, ya CR2032.

Anza na mashine moja, ile inayopokea kazi za kuprinti, nyingine zifuate kwa pesa itakayoingiza. Diski ya zamani ikiwa nzima, itumie kuhifadhi nakala, ila nunua kasha la inchi 3.5 lenye adapta yake ya umeme. Yale madogo ya diski za laptopu hayaiwashi.