Masharti yaliyolegezwa hayajafutwa: usiache kulipa rejesho

Usiache kulipa rejesho la mwezi huu. Umeuliza tofauti ya kulegea na kulegeza, lakini kilichonishtua ni pale ulipoandika kwamba mkopeshaji wako amekutumia ujumbe kuwa masharti ya mkopo “yamelegezwa”, nawe umeamua kupumzika kulipa hadi baada ya mavuno.

Mimi niliambiwa neno hilohilo na afisa mikopo, akaongeza kwa tabasamu, “Tumekulegezea, mama, pumua kidogo.” Nikapumua. Karatasi niliyotia sahihi ilisema tu kwamba muda wa marejesho umeongezwa na kila rejesho limepunguzwa, huku tarehe ya kulipa, faini ya ucheleweshaji na dhamana vikibaki vilevile. Hayo yote yalikuwa kwenye ukurasa wa pili, chini ya mhuri, na yeye aliyenisikia nikishukuru kwamba nimepewa nafasi ya kutolipa hakufungua kinywa kunisahihisha. Faini ikazaa faini, watu wa mkopeshaji wakaja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, wakabeba friji la dukani likiwa bado na soda baridi ndani. Hadi leo nina hasira naye, kwa sababu mtu anayelipwa mshahara ili awaelezee wananchi mikopo hana udhuru wa kunyamaza.

Kulegeza ni kupunguza mkazo wa kitu ambacho bado kimeshika. Fundi anayebadilisha gurudumu hulegeza nati kidogo gari likiwa limekanyaga chini, ndipo apige jeki na kuzifungua kabisa. Nati iliyolegezwa ingali kwenye bolti yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Tanzania ililegeza sera ya fedha kwa kushusha kiwango cha amana ambazo mabenki hulazimika kuziweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na hizo asilimia 6 mabenki yaliendelea kudaiwa. Kulegea ni kitu chenyewe kupoteza mkazo, kama kamba ya kuanikia nguo, na hakuhusiani na mkopo wako.

Basi ukiambiwa “tumelegeza”, uliza kimelegezwa nini, kwa kiasi gani na hadi lini, na usikubali jibu la mdomo. Nenda kesho asubuhi ukaombe ratiba mpya ya marejesho yenye mhuri, na tarehe ya kulipa ikifika kabla hujaipata, lipa rejesho la zamani lote na utunze stakabadhi.