Ini Halimeng'enyi Dawa

Msomaji mmoja anayesomea utabibu wa mifugo ananiuliza kama ni sahihi kuandika kwamba doksorubisini, dawa ya saratani anayopewa mbwa mwenye limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu), “humeng'enywa na ini na kuhifadhiwa katika tishu.”

Kuhifadhiwa nitalirudia. Kumeng'enywa si sahihi hata kidogo, na kwa kuwa nakutana nalo kila mara katika makala za afya, hasira yangu haijapoa. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogovidogo, na kutoka hapo neno likahamia kwenye kazi ya tumbo na utumbo juu ya chakula. Sasa mtazame mbwa huyo. Dawa, nyekundu kama juisi ya choya, inaingia taratibu katika mshipa wa damu kwa dripu; haikupita mdomoni, haikugusa tumbo. Ikifika kwenye ini, kwa sehemu kubwa haivunjwi: huongezewa atomi mbili za haidrojeni, ikawa doksorubisinoli, ambayo bado ina uwezo wa kuudhuru moyo. Kitu kilichoongezewa kimemeng'enywa vipi? Mtetezi ataniambia kwamba kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Ni kweli, lakini jina hilo lilitokana na kazi ya tumboni, kisha likaenezwa kwa jamii nzima ya protini hizo. Jina la mtendaji haliwezi kubadili alichokitenda. Tena saiklofosfamidi, dawa nyingine ambayo mara nyingi huambatana na doksorubisini katika tiba hiyohiyo, huingia mwilini ikiwa butu, na ini ndilo linaloinoa.

Neno la kitaalamu ni umetaboli, ambalo asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mabadiliko. Ukimwandikia mwenye mbwa, “kugeuza” linatosha kabisa.

Kuhifadhiwa nalivumilia, ingawa silipendi. Mkulima huhifadhi mahindi ghalani kwa kuwa anayataka. Mwili hauitaki dawa hii. Kiwango chake katika damu hushuka upesi kwa sababu imeingia kwenye seli na kujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA, na kwa kuwa imeng'ang'ania huko, hutoka polepole, sehemu kubwa kupitia nyongo.

Andika hivi: “Ini huigeuza doksorubisini kuwa doksorubisinoli, na dawa husalia katika tishu muda mrefu baada ya kupungua katika damu.”